Mwaka Ambao Mama Alitaka Kufua

Nimeikuta chini kabisa ya kabati la chuma, chini ya madaftari ya mizigo na tepu za kufungia maboksi, ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili. Suruali nyeupe ya kiume, kiuno chembamba, na kuanzia goti la kushoto hadi pajani kuna doa pana la udongo mwekundu, limekauka na kuwa gumu kama mkate wa juzi. Nilipofungua fundo la pili harufu ikanipiga usoni: udongo, jasho la zamani, na ule unyevu wa Guangzhou wa mwanzo wa majira ya mvua, siku ambazo kuta za nyumba hutoa maji zenyewe na nguo hukaa kambani wiki nzima bila kukauka. Nilikuwa nimekuja kuihamisha ofisi ya Mama pale kwenye jengo la Tianxiu, maana yeye keshatangulia Tanga na amesema harudi tena. Nilikaa chini palepale katikati ya maboksi, na kwa muda nikawa tena na miaka tisa.

Miaka ile Mama alikuwa wakala wa mizigo. Watu wa nyumbani walikuja kununua, yeye akakusanya, akapakia, akapeleka bandarini Huangpu, meli ikachukua. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, na cha sokoni kilikuwa kikali. Bei alizijua, kukataa alijua kwa namna tatu, naye alimwita kila mwanamume aliyekuwa na kiti laoban, yaani bosi. Nje ya hapo alinitegemea mimi. Nilisoma shule ya Wachina tangu chekechea, kwa hiyo hospitali, benki, mwenye nyumba, hata vikao vya walimu vya kunisema mimi mwenyewe, vyote vilipita mdomoni mwangu. Nakiri kwamba katika vikao vile nilikuwa mwanafunzi bora zaidi kuliko walimu walivyosema. Hakuna kazi iliyowahi kunipa kiburi kama ile, watu wazima wawili wamenyamaza, wananitazama mimi, wananingoja nifungue kinywa.

Mjomba Idi alikuwa mdogo wake Mama wa mwisho. Bibi alifariki Idi akiwa bado anakojoa kitandani, na Mama ndiye aliyemlea, akamsomesha, na alipopata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji katika chuo kikuu kimoja mjini hapa, Mama ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na jaketi mkononi. Idi alicheza besiboli. Alijifunza mchezo huo sekondari, Dar es Salaam, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Babu alimwona siku moja akizungusha gongo uani peke yake, akamuuliza nani amemkosea.

Timu ya chuo ilikuwa na mashabiki wa aina mbili. Kulikuwa na wanafunzi wachache wa Kichina waliokuja na vitabu vyao, wakasoma huku mchezo ukiendelea. Na kulikuwa na sisi. Tulikuwa watu kama ishirini, wafanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei na wanafunzi wa ufadhili, Waislamu kwa Wakristo, wa Tanga, wa Mombasa, wa Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyeujua mchezo wenyewe. Tuliipenda timu ile kwa sababu moja tu: jezi moja kati ya zile zote ilivaliwa na wa kwetu.

Msimu ulianza misufi ilipochanua. Misufi ya Guangzhou hutoa maua makubwa mekundu kabla ya jani hata moja, na wazee huyaokota chini wakapikia supu. Lakini kwetu msimu ulianza mapema zaidi, sebuleni kwa Mama, Jumapili baada ya Jumapili, mkekani, na sinia la pilau katikati. Bwana Mwangi, muuza vifaa vya simu kutoka Nairobi, ndiye aliyejipa ualimu. Alipanga vikombe vinne vya chai kuonyesha vituo vinne ambavyo mkimbiaji hupitia, akalifanya limau kuwa mpira, kisha akaeleza mambo ambayo Mjomba Idi, kwa adabu, alilazimika kuyasahihisha yote.

"Ni rede tu hiyo," Mama alisema kila mara, akimaanisha ule mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira. "Rede ya wenye ufadhili."

"Wacha hiyo, Mama Zuhura," Mwangi alimjibu. "Huyu kijana wetu asipocheza mwaka huu, mimi naingia kwa hiyo field na hizi viatu zangu za ofisi."

Baada ya kula, mazoezi yalianza. Kocha wao, mzee mmoja aliyeitwa Liang, hakupaza sauti uwanjani. Alisema kwa mikono: alishika kofia, sikio, kiwiko, mkanda, na kati ya yote hayo moja tu ndiyo iliyokuwa amri ya kweli ya kukimbia. Shida ya Mjomba Idi ilikuwa miguu. Iliondoka kabla ya amri. Basi Mama alisimama mlangoni pa jikoni akishika sikio, akishika shavu, akishika ushungi, na Mjomba alichuchumaa kwenye korido na soksi zake, akingoja mkono ushuke kiunoni. Akitoka mapema, sote tulimzomea, naye alirudi mwanzo akicheka. Kipindi chote cha baridi walifanya hivyo. Mimi nilidhani ni mchezo wa kujifurahisha baada ya pilau.

Sasa nieleze ujinga wangu, ambao ulikuwa na hoja zake. Kwa macho yangu dunia ilikuwa imegawanyika sehemu mbili, wanaokaa na wanaobeba. Pale Tianxiu wapagazi walipita na marobota mgongoni, na laoban alikaa nyuma ya meza na chai yake. Kule Kangle, tulikokwenda na Mama kukagua vitambaa, mafundi walishona wameinama safu kwa safu, na laoban alikaa mbele ya feni. Harusini Tanga, vijana walikimbia na masinia, wazee wakakaa mbele wakahudumiwa. Aliyekaa alikuwa mkubwa. Sikuhitaji mtu anifundishe hilo.

Na msimu uliopita Mjomba Idi alikuwa amekaa. Mechi zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Wenzake walikimbia, wakajitupa chini, wakainuka wamejaa udongo wanakohoa, na yeye alikaa kivulini kwenye benchi, jezi nyeupe pe, kofia imenyooka, mikono magotini. Tena kila baada ya muda wenzake walikuja wote mpaka pale alipo, wakasimama mbele yake wakinywa maji. Nikahitimisha mambo. Shuleni nilimwambia Lin, msichana tuliyekaa dawati moja, kwamba mjomba wangu ndiye laoban wa timu ya chuo kikuu. Lin alimwambia mwingine, na kufikia siku ya Ijumaa nilikuwa mtu mwenye kuheshimika darasani.

Kwa hiyo watu wazima waliposema mkekani kwamba mwaka huu lazima Idi aingizwe uwanjani, niliona wanamvunjia heshima. Na Mama ndiye aliyenishangaza zaidi. Alikuwa akiipiga pasi jezi ile kila Jumamosi, mshono kwa mshono, na jioni moja aliiweka pasi pembeni akaitazama ile suruali kwa muda mrefu.

"Mwaka mzima napiga pasi nguo isiyochafuka," alisema. "Mwaka huu nataka nifue, Zuhura. Nifue mpaka vidole vichubuke."

Tulikuwa na mashine ya kufulia, kwa hiyo sikumwelewa hata kidogo.

Wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza Mama alivaa dera lake la zambarau, akanunua machungwa mazuri, akanishika mkono tukaenda mazoezini. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mjomba chuoni. Kama asingeorodheshwa msimu huu, angerudi nyumbani bila kucheza hata mara moja, naye Mama asingeweza kungoja jambo hilo liamuliwe bila yeye kusema neno. Kocha Liang alikuwa amesimama kando ya mstari na chupa yake ya chai, majani yanaelea. Mjomba alikuwa upande wa mbali wa uwanja, hakutuona.

"Mwambie hivi," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua. "Mimi ni dada yake, lakini mama yetu hayupo, kwa hiyo mimi ndiye mama yake. Simwombi ampendelee. Namwomba amjaribu, hata mara moja tu. Akishindwa, nitakubali na sitarudi kumsumbua."

Kocha alinitazama, akingoja. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikaona kwamba Mama anakaribia kumshusha ndugu yake cheo kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba ni mimi pekee niliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Nikasema kwa Kichina changu safi: "Mama yangu anashukuru kwa heshima unayompa mjomba. Anaomba mwaka huu pia umwache akae."

Kocha Liang alikunja uso. Akamtazama Mama, akanitazama mimi. "Kweli anasema hivyo?"

"Anauliza kama ni kweli," nilimwambia Mama.

"Kweli kabisa," Mama alijibu, akaitikia kwa kichwa mara tatu, machozi yakimlengalenga. "Kutoka moyoni."

Kocha alipokea machungwa kwa mikono miwili. Alisema ameelewa. Mama alirudi nyumbani akiwa mwepesi, njiani akaninunulia ice cream, nami niliila bila wasiwasi wowote.

Jumapili iliyofuata Mjomba Idi aliingia sebuleni, hakuvua hata viatu. Mwangi alikuwa tayari amekwishapanga vikombe vyake.

"Dada," alisema, "ulikwenda kumwomba kocha aniache benchi?"

Mama alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa mdogo wake. Kisha wote wawili, polepole, wakanigeukia mimi. Sikuogopa. Nilijua nimefanya la maana, na nilikuwa nikingoja siku watakayogundua wanishukuru. Nikawaeleza yote, nikamalizia, "Nilikulinda, Mjomba."

Mwangi akaangua kicheko, kisha akakimeza. Mjomba alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu.

"Zuhura, yule laoban wa Kangle anakaa kwa sababu kazi yake ameshaifanya, au wengine wanaifanya kwa niaba yake," alisema. "Mimi nakaa kwa sababu yangu haijaanza. Benchi ni mahali pa kungoja. Nimengoja mwaka mzima."

Niliwaza jezi nyeupe, niliwaza darasa zima, Lin, ile heshima yangu ya Ijumaa, nikatamani sakafu inimeze. Lakini hayo yote hayakuniuma kama alichosema Mama. Hakupaza sauti. Alisema, "Mji huu mimi sina ulimi ila wako. Ukiupinda, mimi ni bubu."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mwangi alisema kwa upole. "Tungoje tu hiyo list."

"Hayazoleki," Mama alisema, "lakini aliyeyamwaga atapiga deki."

Kesho yake baada ya shule tulikuwa tena kando ya ule mstari, safari hii bila machungwa. Nilimwambia Kocha Liang kwamba siku ile nilisema uongo, nikamwambia kwa nini, na mambo ya laoban na feni yake na wazee wa harusini, halafu nikamtafsiria maneno ya Mama yote kama yalivyokuwa, kutoka kwenye mama asiyekuwepo hadi kwenye kutomsumbua tena. Kadiri nilivyoyasema ndivyo nilivyoyaelewa, na nilipofika kwenye "hata mara moja tu" nilisimama, nikaianza sentensi upya.

Kocha alikunywa chai. Alikunywa tena. Kisha akasema, na mimi nikamtafsiria Mama neno kwa neno, bila kuongeza chumvi:

"Miaka yote ndugu za wachezaji huja kuniomba wachezeshwe. Ninyi ndio wa kwanza kuja kuniomba mtu akae. Nikajiuliza, huyu dada anaona nini ambacho mimi sikioni? Nimemtazama wiki nzima. Hajatoka mapema hata mara moja." Akafunga kifuniko cha chupa yake. "Lakini orodha yangu haiandikwi kwa machungwa, wala kwa ulimi wa mtoto. Nendeni nyumbani."

Hakuahidi chochote, na orodha ilipobandikwa jina la Mjomba lilikuwa la mwisho kabisa, miongoni mwa wa akiba. Mama aliipiga pasi jezi kama kawaida. Hakusema neno juu ya kufua.

Siku ya mechi ya kwanza tulikwenda wote ishirini. Maua ya msufi yalikuwa yakidondoka kwa kishindo kwenye paa la bati la benchi. Tulifunga kanga kwenye wavu, Mwangi alileta ndoo tupu ya rangi akaifanya ngoma, na Lin alikuja pia, kwa sababu nilikuwa nimemwalika siku zile za kiburi changu na sikujua namna ya kuufuta mwaliko. Alikaa kando yangu akala karanga. Mjomba Idi alikaa benchi, msafi. Mchezo ulikwenda, tukawa nyuma kwa pointi mbili, na yeye bado amekaa. Kila alipotazama upande wetu Mama alimpungia mkono kama mtu asiye na neno, kisha akaushusha mkono ule akanishika bega kwa nguvu.

Karibu na mwisho, mchezaji wetu mmoja aliyefika kituo cha kwanza alianza kuchechemea. Kocha Liang aligeuka, akanyoosha kidole. Mjomba alisimama.

Alichukua nafasi yake kwenye kituo cha kwanza, akachuchumaa, na Mwangi akaacha kupiga ndoo, maana sote tuliujua ule mchuchumao. Kocha akashika kofia. Akashika sikio. Mjomba hakusogea. Kocha akashika kiwiko, akashika shavu, akarudi kwenye kofia, na mimi nilikuwa nikisema moyoni, ngoja, Mjomba, ngoja, ngoja. Mkono ukashuka mkandani.

Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Alifika kituo cha pili mpira ukiwa bado hewani. Mwenzake alipopiga mpigo uliofuata, Mjomba alipita cha tatu bila kupunguza, akajitupa kwenye cha mwisho kwa ubavu wa kushoto, vumbi likapanda likamfunika yeye, mlinzi na mwamuzi pamoja. Lilipotulia, mwamuzi alikuwa ametandaza mikono: amefika, ni halali. Na Mjomba alikuwa bado chini, mwekundu kuanzia gotini hadi kidevuni, anacheka.

Timu ilishindwa siku ile kwa pointi moja. Wachina waliofunga vitabu vyao kuondoka walitukuta tunapiga vigelegele na ndoo ya rangi kama watu wanaomtoa bibi harusi ndani, wakasimama kututazama, wakarudi kuangalia ubao wa matokeo. Lin alinivuta mkono, akanyoosha kidole kwa yule mtu mwekundu aliyekuwa akija kwetu.

"Huyo ndiye laoban?" aliniuliza.

"Hapana," nikasema. "Huyo ni mchezaji." Na nilijivuna kulisema neno hilo kuliko nilivyowahi kujivuna na lile la kwanza.

Nyumbani Mama alijaza beseni maji, akaweka kigoda, akakata mche wa sabuni, akapandisha mikono ya dera. Aliichukua suruali akaikunjua mapajani. Nilikaa mlangoni nimngoje aanze, kwa sababu nilitaka kuona vidole vikichubuka. Alipitisha kiganja juu ya lile doa, mara moja, kisha tena. Baadaye aliikunja taratibu, udongo ndani, akaiweka kando.

"Hufui, Mama?"

"Nitafua kesho," alisema, akamwaga maji.

Mjomba Idi siku hizi anachimbia watu visima Dodoma, ana tumbo, na wanawe hawaamini kwamba aliwahi kukimbia. Leo, nikiwa nimekaa kati ya maboksi, nimempigia Mama simu Tanga. Nimemsalimu, nimemweleza kabati limebaki tupu na mizigo yake itaondoka wiki hii, kisha nikamwambia nimeikuta suruali, na kwa kuwa naipakia pamoja na vitu vyake safi, niifue kwanza?

Nilisikia kuku wake.

"Ukiifua," Mama alisema, "baki hukohuko."